Depistaji (kupimwa mapema) ya kansere ya mulango ya kizazi na ya maziwa mu hospitali ya Leta hapa Lubumbashi, hatua kwa hatua

Bamama, badada, bayaya, hii ninaiandika kwa bale bote banakaa mu komine Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi, Kamalondo, hata kule Annexe, benye banategemea kituo cha afya na hospitali ya Leta juu feza ya kliniki ya prive haiko. Munaulizaka sana "nianzie wapi", na majibu munapataka ni nusu nusu.

Kitu moja mukishike toka mwanzo. Egzameni yenyewe si njo nguvu, kulala juu ya kitanda na kuangaliwa ni dakika 10 ao 15 hivi. Kule tunapotezaka bamama ni katikati: kati ya kuambiwa "kuko kitu" na kurudi kutibiwa, kati ya kukatwa kanyama ka kupima na kupata majibu ya labo, kati ya karatasi ya kituo cha kartie na mulango ya hospitali kubwa. Mama anapimwa, anarudi kwake, anangoja aitwe, haitwe, anasema basi ni sawa, na miaka inapita. Kwa hiyo mu kila hatua hapa chini nitakuambia kufanya nini, na tena uliza nini mbele ya kutoka pale.

Mbele ya yote: uko unaenda kupimwa ao unaenda kutibiwa?

Depistaji ni ya mwanamuke mwenye anajisikia muzima. Kama uko unatoka damu kisha kulala na bwana, ama damu inatoka na siku za mwezi zilishakatikaga zamani, ama maji yenye harufu mubaya haikauke, ama maumivu chini ya tumbo na mugongo haiishe, ama kuko kitu kigumu mu ziwa, basi weye si wa kungoja kampeni ya mwezi ya 10. Enda ku konsiltasio juma hii hii, na ukifika ku resepsio usiseme "nimekuja kwa depistaji", sema ile kitu unaona: "ninatoka damu". Ile sentensi inabadilisha namna banakupokea.

Kwa muzima, hesabu ni hii. OMS (shirika ya afya ya dunia) tangu 2021 inasema kupimwa mulango ya kizazi kuanzie miaka 30, na kwa mama mwenye VVU kuanzie 25, na yeye arudi kila miaka 3 mpaka 5. Mama mwenye VVU hatari yake ya kupata hii kansere ni mara 6 kuliko mwingine, kwa hiyo kama unakunywa ARV, dawa ya VVU, usingoje mutu akuambie, uliza weye mwenyewe kule unachukuliaka dawa. Na kama maisha ni magumu na huwezi kurudi kila wakati, walau mara mbili: ukifika 35, na tena ukifika 45.

Sababu ya haya yote ni virusi inaitwa HPV. Inapitia mu kulala pamoja, karibu kila mutu mwenye alishalala na mutu anaipataka siku moja, na mara mingi mwili inaifukuza yenyewe bila weye kujua. Aina mbili, namba 16 na 18, njo zinaleta karibu 70% ya kansere ya mulango ya kizazi. Ikibaki mu mwili inatumika polepole sana, miaka 15 mpaka 20 mbele igeuke kansere, na kwa mwenye kinga ya chini inaweza kuwa 5 mpaka 10. Ile miaka yote mama hasikie kitu, haumwe, anauza ku soko, anazala. Lakini ukiangalia unaiona, na ukiiona unaiunguza, inaisha. Ni kansere chache sana ziko na nafasi kama hii, ndiyo maana ninakasirika nikisikia mama analetwa na damu imeisha mu mwili.

Hatua ya 1: chagua siku

Usiende ukiwa mu mwezi, ngoja damu ikauke kabisa, siku 2 ao 3. Siku mbili za mwisho usilale na bwana, usiweke dawa mule ndani, usijioshe ndani. Na hapa nitasema wazi juu tunajuana: yale majani, unga na vijiwe vya kukausha na kukaza, viache. Si kwa ile siku tu. Vinachubua ngozi ya ndani, munganga ataona wekundu na vidonda na hataweza kusoma vizuri kile anatafuta, na ngozi yenye vidonda inafungulia magonjwa mulango.

Kama uko na mimba, sema mbele ya kulala. Kama umetoka kuzala, ngoja juma 6, na ile siku unapeleka mutoto ku chanjo ao ku kilo uulize palepale.

Kama unajichunguza maziwa, siku nzuri ni siku 7 mpaka 10 toka damu ilianza, juu maziwa imelegea. Mwenye hana mwezi tena achague tarehe moja ya kila mwezi.

Hatua ya 2: anzia ku kituo cha afya chako, usikimbilie Sendwe

Najua watu banasema "ku kartie habajui kitu". Lakini mufumo ya Leta imepangwa hivi: kituo cha afya cha kartie, juu yake hospitali kuu ya zone ya afya yako, juu yake tena hospitali kubwa kama Jason Sendwe ama Cliniques Universitaires. Ukiruka moja kwa moja unalipa konsiltasio ya juu, unangoja foleni ndefu, na mara ingine banakurudisha.

Fika asubui, uulize muuguzi mukubwa, ule banaita IT, ama mama wa CPN (kupima mimba) na wa planing (kupanga uzazi). Maulizo ni haya tu: "Hapa munafanya depistaji ya mulango ya kizazi? Ni siku gani? Munatumia siki (ile ya kupakaza na kuangalia) ama tesiti ya HPV? Kama kunapatikana kitu, munaunguza hapa hapa siku ile ile ama munatuma wapi?" Ile ulizo ya mwisho ni ya lazima. Kituo chenye kinapima lakini hakitibu si kibaya, lakini ujue mapema kwamba barabara yako iko na sehemu mbili, na sehemu ya pili inataka feza ya transport na siku ingine ya kuacha kazi.

Kama habafanyi, usiondoke mikono mitupu, omba barua ya transfer yenye kashe ya kituo. Na kama kartie yenu iko na RECO, wale banapitaka nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo, uliza ule pia, yeye anajuaka mbele kama kampeni inakuja. Mwezi ya 10, Oktobre Roze, mara mingi kunakuwaka kupimwa bure ao bei ya chini. Tumia nafasi ile, lakini uliza swali lile lile: nikipatikana na kitu, nani ananitibu na wapi, kisha kampeni kuisha?

Kwa bale bwana anatumikia Gécamines ao SNCC, ama kampuni ingine yenye iko na hospitali yake ao kontra na hospitali, uliza kama bibi wa mutumishi anafunikwa kwa depistaji. Bamama mingi bana haki ile na habajue.

Hatua ya 3: feza

Uliza bei yote mbele ya kulala ku kitanda. Fishi ngapi, egzameni ngapi, na kama iko pozitifu matibabu ngapi. Lipa ku kese, si mu mukono ya mutu mu kuluar, na risiti iwe na kashe. Usichanganye na ile kuzala bure Leta ilianzisha 2023 kupitia CSU (mpango ya afya kwa bote), ilianzia Kinshasa: ile ni mambo ya mimba, kuzala na mutoto muchanga, usiende ku depistaji na mufuko mutupu ukitegemea ile.

Hatua ya 4: vitu vya kubeba

Kadi ya uchaguzi, kikwembe chako cha kujifunika, kitambaa safi ao pedi, fishi ya CPN ama karatasi yoyote ya zamani ya kizazi ao maziwa, na kaye ndogo na biki. Mu kaye, nyumbani, uandike: tarehe ya mwezi ya mwisho, mimba ngapi, dawa gani unakunywa, majibu yako ya VVU kama unajua. Ya VVU hawakuulize kwa kukuaibisha, inabadilisha tarehe ya kurudi. Na kama dada ama rafiki anaweza kukusindikiza, aje, masikio mawili yanasahau, ine inashika.

Hatua ya 5: mule ndani ya chumba

Unatoa nguo ya chini, unalala mugongo, magoti juu, unafunikwa na kikwembe. Banaingiza spekulumu, chombo cha kufungulia njia ili mulango ya kizazi ionekane. Ni baridi, inasukuma, lakini haifai kuumiza sana. Pumua kwa kinywa, lainisha makalio, ukikaza njo inauma. Kisha banapakaza asidi asetiki ya 3 mpaka 5%, ni ile iko mu vinegre, banangoja dakika moja nzima, banaangalia. Inaweza kukuchoma kidogo. Kama mahali panageuka meupe na mupaka yake inaonekana, banasema pozitifu. Mara ingine banaongeza Lugol, dawa ya rangi ya kahawia, utatoka na doa mu nguo, si damu, usiogope.

Tesiti ya HPV ni tofauti: ni kuchukua maji maji na kaburashi, inaenda ku mashini. Pale iko, ni bora kuliko siki, na inawezekana hata weye mwenyewe ujichukulie nyuma ya pazia, OMS inakubali. Kwa mama wa miaka 50 na kuendelea ile ya siki haioni vizuri, juu kile banatafuta kimeshaingia ndani, kwa hiyo yeye aombe HPV ama frotisi (kukwangua kidogo mulango ya kizazi, labo inaangalia).

Uko na haki ya mulango kufungwa. Uko na haki ya kuona glavu mupya na kuuliza "hii spekulumu imechemshwa?", na ya kusema "ngojea kwanza" ama "acha", na akiacha hajakufanyia fadhili. Kama unataka mwanamuke akupime, omba mapema ile siku unachukua randevu. Wanafunzi bakiingia bengi na hautaki, sema. Kama ulishafanyiwa ubakaji, ao kuguswa kule kunakurudishia mambo, mwambie muuguzi kwa maneno mafupi mbele ya kuanza, atakwenda polepole zaidi, na haulazimishwe kueleza.

Na musidharau muuguzi mukisema "nataka dokta tu". Jirani zetu Zambia, hapa ngambo ya Kasumbalesa, balianzisha 2006 kule Lusaka kupima bamama na siki, na wenye kupima walikuwa bauguzi, bakipiga picha ya mulango ya kizazi na kuonyesha dokta pale kuko mashaka. Muuguzi mwenye alifundishwa hii kazi anaiweza.

Mbele ya kuvaa nguo, omba baangalie maziwa pia, na chini ya makwapa. Uko tayari pale, fishi imeshalipwa, mara mingi hawafanyi juu tu hakuna mutu aliomba.

Hatua ya 6: majibu

Negatifu: andika mu kaye tarehe ya kurudi yenye bamekupa. Basi.

Pozitifu ya siki: si kansere. Irudie mu kichwa mara ngapi unataka. Ni alama kwamba ngozi ya pale imeanza kubadilika ao iko na tatizo ingine, na mara mingi inatibiwa siku ile ile. Banaunguza na kamashini ka moto, joto ya digrii 100, sekunde 20 mpaka 30 kila mahali banagusa, utasikia tumbo inabana kama ya mwezi. Ama banagandisha na baridi ya gazi. Kama doa ni kubwa ao inaingia ndani, haiunguzwe pale, inakatwa na waya ya umeme, na hiyo ni ya hospitali kubwa. Kisha matibabu utatoka maji mengi mengi juma kadhaa, hata mwezi moja, ni kawaida, tumia pedi. Usilale na bwana juma 4, juu kidonda kikiwa wazi ni rahisi kupata ama kupitisha VVU, na kama kweli haiwezekani, basi kapoti bila kukosa. Homa, harufu ya kuoza, damu kuzidi ya mwezi: rudi siku ile ile. Na miezi 12 kisha pale, banakuangalia tena. Ile ya miezi 12 njo bengi banasahau.

Kama banakuambia "rudi kwanza na bwana akubali", uliza ni kwa nini. Kutibu mulango ya kizazi si kufunga uzazi. Ni mwili yako, ni saini yako.

Sasa, wakati munganga anaona kitu kinatisha, kinavuja damu, kinaota, hapo habaunguzi, banakata kanyama kadogo, biopsi. Na hapa ninaomba usome polepole, juu hapa njo tunapoteza bantu bengi kuliko popote.

Kanyama kanatiwa mu kichupa chenye formoli. Si mu maji, si mu alkoli, ikikosa formoli inaoza na labo haisome kitu. Angalia jina yako iandikwe ku kichupa chenyewe, si ku kifuniko tu. Mara mingi banakupa weye ao ndugu yako kichupa mukononi mukipeleke ku labo ya anapati, ile yenye inasoma kanyama: basi kipelekwe siku ile ile, kimefungwa nguvu, kisibaki ku jua mu taksi-bisi wala kulala nyumbani. Mbele ya kuacha kichupa uliza: majibu ni tarehe gani, ninakuja kuchukua mwenyewe ama munapiga simu, ni nani jina yake wa kuulizia, na nikishapata majibu ninarudi kwa munganga gani na siku gani anapokeaka. Yote mu kaye. Toa namba mbili za telefone, yako na ya mutu mwenye habadilishake namba. Tarehe ikifika na hakuna simu, enda. Kunyamaza kwa labo hakumaanishe kwamba uko muzima.

Na ile maneno ya "bakikukata, kansere inasambaa", si kweli, kwa kizazi wala kwa ziwa. Chenye kinasambaa ni kile kimeachwa miezi mingi bila jina.

Kwa ziwa, mambo tatu zaidi

Enda uonyeshe kama kuko uvimbe mugumu, hata hauumi (haswa kama hauumi), ngozi imekunjika ama iko kama ganda ya chungwa, chuchu imeingia ndani juzi juzi, damu inatoka mu chuchu, ama kitu chini ya kwapa. Uvimbe mingi si kansere. Lakini si jicho lako wala la mama mukwe linaamua.

Kwa binti na mama kijana banaanzaka na ekografi, juu maziwa bado ni nzito na mamografi (picha ya radio ya maziwa) haipenyi vizuri. Mamografi inafaa zaidi kwa wakubwa. Ukikuta banataka kukutoa uvimbe, sema hivi: "kile munatoa kiende ku anapati". Kutoa uvimbe na kuutupa ni kupoteza majibu yote, na kama ilikuwa kansere utarudi umechelewa na hakuna mutu anajua ilikuwa ya aina gani. Na toka siku ya kwanza unaonyesha uvimbe mpaka majibu ya mwisho, OMS inataka isizidi siku 60. Kwetu ni ngumu, lakini weka ile hesabu mu kaye na usukume nayo.

Bwana, na kanisa

HPV pozitifu haisemi bwana alitembea juzi wala weye ulitembea. Virusi inaweza kukaa miaka mingi mu mwili kimya, inaweza kuwa ya mbele hata hamujaoana. Mwambie hivyo, na kama anaweza aje asikie mwenyewe kwa muuguzi. Nilishaona nyumba zinavunjika juu ya karatasi yenye ilisomwa vibaya, na inaniuma.

Maombi, ombeni. Mimi pia ninaomba. Lakini pastere mwenye anakuambia uache randevu ya hospitali, ule usimufuate kwa ile neno.

Kama majibu ni kansere

Kama iko mapema, operasio inaweza kutosha, uliza Sendwe na Cliniques Universitaires ku servisi ya jinekoloji. Kama imesogea, mara mingi inaombaka miale, radioterapi, na kwa sisi wa Lubumbashi hospitali ya Leta ya Zambia ya kansere, Cancer Diseases Hospital kule Lusaka, iko tangu 2007 na si mbali kama Kinshasa. Mbele ya kuuza kiwanja na kupanda bisi: omba munganga aandike rapoti fupi kwa kingereza, beba karatasi ya anapati yenyewe na kopi, skana zote, paspoti, kadi ya manjano ya chanjo, na upige simu kwanza kuuliza kama mashini ya miale inatumika kwa sasa, bei ya mugeni na tarehe ya kupokelewa. Bantu banafika kule na barua ya kifaransa bila anapati, na banarudishwa kuanza upya. Na popote uko, kama maumivu ni makali omba dawa ya maumivu ya nguvu, kutia na morfini, si kuzoeza mwili vibaya, ni matibabu.

Kwa binti zetu

Kuko chanjo ya HPV, ni ya bibinti wa miaka 9 mpaka 14, mbele hawajaanza kulala na mutu, na tangu 2022 OMS inakubali hata sindano moja itoshe. Uliza IT wa kituo chako kama zone yenu inaitoa. Haileti utasa. Na haitoe HPV yenye ilishaingia, kwa hiyo weye mama bado unaenda kupimwa, na binti mwenye alichanjwa naye, akifika 30, anaenda.